Kufunga GPS, kipimakina na redio kwenye usukani wa boti ya tanga

Pwani yetu inatazama mashariki. Boti inayorudi nyumbani jioni huingia mlango wa miamba ikiwa imelielekea jua linalotua. Nahodha amekunja uso, maji mbele yake yamegeuka kioo, rangi ya fungu haionekani tena. Hapo ndipo anapoinamisha macho kutafuta ramani na tarakimu ya kina. Kama skrini imefungwa chini kwenye kabini, au imezibwa na goti la abiria, au lazima auachie usukani ndipo aione, kifaa hicho kimemtupa saa ile ile aliyokihitaji.

Nafunga vifaa hivi kwenye boti za tanga za kati ya Mtwapa na Kilifi, na nyingine zinazopita zikielekea Tanga, Pemba na Unguja. Mwongozo huu ni wa boti ya faiba ya mita 10 hivi, yenye gurudumu la usukani kwenye nguzo, dira juu ya nguzo, na bomba la chuma cha pua lililopindwa mbele yake kwa ajili ya kushikilia. Mwishoni nitagusia mashua ya mbao yenye kana (mti wa kushikia usukani), maana huko kazi ina sura yake.

Hatua ya 1: Kaa kwenye usukani, drili ibaki sandukuni

Kata vipande vya kadibodi vyenye ukubwa halisi wa kila kifaa: skrini ya ramani, tarakimu ya kina na upepo, vitufe vya otopailoti (kifaa kinachoshika usukani chenyewe), kipaza sauti cha redio. Vibandike kwa utepe pale unapodhani vitakaa, halafu toka navyo baharini. Ndiyo, toka na kadibodi. Safari moja ya saa mbili itakufundisha zaidi ya wiki nzima ya kuitazama boti ikiwa imetia nanga.

Shika usukani ukiwa umekaa upande wa joshi (unakotoka upepo), kisha hamia upande wa demani (unakokwenda upepo), kisha simama. Nahodha wa boti ya tanga hakai katikati kama dereva wa gari. Muda mwingi yuko pembeni, boti imelala, naye anaiangalia skrini kwa pembe. Skrini nzuri ukiwa umesimama nyuma ya gurudumu inaweza kuwa giza tupu ukikaa joshini. Bisheni, yaani geuzeni boti kwenda dhidi ya upepo, mara kadhaa mkiwa na watu kamili ndani. Tazama kamba ya demani, ile ya kuvutia tanga, inapita wapi inapovutwa, mkono wa winchi unazungukia wapi, na miguu ya watu hukanyaga wapi wakati wa kugeuza. Kadibodi iliyong'oka au kukunjika imeshakupa jibu.

Ukishawasha kifaa chenyewe, kijaribu juani kabla ya kukifunga. Saa sita mchana jua la huku liko utosini na hupiga moja kwa moja kwenye kioo kilicholazwa sana. Asubuhi, ukiwa unaingia bandarini kuelekea magharibi, jua liko mgongoni na linaimulika skrini usoni. Iinamishe mpaka mng'ao uondoke. Vaa pia miwani unayovaa baharini: ile ya polaroidi, inayokata mng'ao wa maji, huzifanya baadhi ya skrini kuwa nyeusi kabisa zikiwekwa kwa upande mmoja. Mwenye boti akigundua hilo baada ya tundu kukatwa, hakuna dawa ila kununua miwani nyingine.

Umbali mzuri ni urefu wa mkono, kama sentimita 60 hadi 70 kutoka machoni. Tarakimu ya kina iwe kubwa kuliko zote, na iwe juu. Kwenye miamba yetu ndiyo inayosomwa mara nyingi kuliko ramani. Vitufe vya otopailoti viwe mahali ambapo mkono unavifikia bila macho kuvitafuta, kwa sababu siku moja ngalawa isiyo na taa itakutokea mbele usiku, na utahitaji kuuchukua usukani papo hapo. Sanduku la AIS (kifaa cha redio kinachoonyesha meli zilizo karibu), vigeuza umeme na viunganishi havina kazi karibu na usukani. Vipeleke ndani, pakavu.

Hatua ya 2: Iulize dira kwanza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea vibaya.

Kuna boti niliifungia spika ndogo ya redio nyuma ya nguzo, karibu na dira. Nafasi ilikuwa safi, waya ulikuwa mfupi, kila mtu aliifurahia. Sikupima. Mwenyewe akatoka Kilifi usiku kuelekea kusini, na alfajiri akanipigia simu. "Fundi," akasema, "GPS inaniambia naenda kusini. Dira inaniambia nimepinda kulia. Nimwamini nani?" Nilimwambia aiamini GPS na akae mbali na nchi kavu mpaka mwanga utoke. Aliporudi tuliifungua ile spika mbele ya dira, na kadi ya dira ikazunguka nyuzi 20 mbele ya macho yetu, polepole, kama mtu anayeamka. Boti ilikuwa imefungwa gatini, haijasogea hata kidogo.

Fanya hivi basi. Funga boti kwa kamba pande zote mbili ili isizunguke. Soma dira. Shika kifaa mahali hasa kitakapokaa, kikiwa kimezimwa, na usome tena. Kiwashe, ongeza mwanga wa skrini mpaka mwisho, soma tena. Kama ni redio, bonyeza kitufe cha kuzungumzia kwenye nguvu ndogo, na ukipeleke kile kipaza sauti cha mkononi kila mahali kitakapoweza kuning'inizwa, maana ndani yake mna spika na spika ina sumaku. Dira ikisogea, kifaa kisogezwe. Vitabu vya vifaa huandika umbali salama kutoka kwenye dira. Uchukue kama mwanzo, lakini hukumu ni ya jicho lako.

Mambo matatu husahaulika. La kwanza ni waya. Nyaya za umeme wa betri zinazopita karibu na dira, zikitengana, hutengeneza usumaku wao wenyewe. Zisokote chanya na hasi pamoja kama ukili, na kila mmoja hufuta athari ya mwenzake. Waya wa taa ya dira nao usokotwe. La pili ni skrubu: chuma cha pua cha daraja la 316 kwa kawaida hakishikwi na sumaku, lakini skrubu nyingi zinazouzwa kama "stenlesi" hushikwa. Tembea na sumaku ndogo mfukoni dukani. La tatu ni vishikio vya simu vya sumaku na vifuko vya miwani. Hivyo si vyako kuvifunga, ila mwenye boti ataviweka pale pale, kwa hiyo mwambie mapema.

Kama kuna otopailoti, ina dira yake ya kielektroniki ndani ya sanduku dogo. Hiyo ikae chini, karibu na katikati ya boti, mbali na injini, betri, spika na sanduku la zana. Nimewahi kuikuta ndani ya kabati lenye sufuria za chuma, na kila walipopika boti ilibadili njia.

Hatua ya 3: Chagua pa kushikilia

Kwenye boti yenye nguzo, pahali bora ni ganda maalumu linaloshikwa na bomba la chuma cha pua mbele ya gurudumu. Macho yako hapo tayari, na nyaya hushuka ndani ya bomba hadi chini ya sakafu bila kuonekana. Pima kipenyo cha bomba kwa kalipa kabla ya kuagiza. Mabomba yanayofanana kwa macho hutofautiana kwa milimita 3 na kibano hakitashika. Ikiwa bomba ni jembamba na lina miguu miwili tu, skrini kubwa italitikisa. Kwangu mimi inchi 7 hadi 9 inatosha boti ya mita 10. Kubwa zaidi ya hapo inaziba mbele, na nahodha anaanza kuitazama skrini akaacha kutazama bahari.

Mkono unaozunguka kutoka kwenye mlango wa kabini unafaa boti ndogo yenye kana, kwa sababu skrini inaweza kugeuzwa kumfuata nahodha au kuingizwa ndani mkiondoka. Hakikisha una kifungio kigumu kwenye kila pembe. Mkono unaolegea utampiga mtu.

Ukutani mwa kabini ni pagumu zaidi. Pako mbali na macho, na abiria hupenda kuegemea hapo.

Hatua ya 4: Umeme

Chukua mfano wa skrini inayokula ampia 2 kwenye volti 12, na mita 6 kutoka kwenye ubao wa fyuzi hadi usukani. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo waya ni mita 12. Zidisha 12 kwa 0.0175 (ukinzani wa shaba), gawanya kwa unene wa waya kwa milimita za mraba, zidisha kwa ampia. Waya wa milimita 1 unakupotezea volti 0.42, yaani asilimia 3.5. Waya wa milimita 2.5 unapoteza volti 0.17, chini ya asilimia 1.5. Kwa vifaa vya kuongozea usizidi asilimia 3. Tofauti ya bei ya waya ni ndogo, na tofauti ya usingizi ni kubwa, kwa hiyo mimi huenda moja kwa moja kwenye 2.5.

Nunua waya wa nyuzi nyingi nyembamba zilizopakwa bati. Waya wa nyumbani wenye shaba tupu, hasa ule wa uzi mmoja mgumu, hukatika kwa mtikisiko na kugeuka kijani kibichi ndani ya ganda lake. Ukichubua waya wa zamani ukakuta unga mweusi au wa kijani, kata sentimita 10 nyuma uangalie tena. Ukiendelea kuwa hivyo, utupe wote.

Kila kifaa kiwe na fyuzi yake, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu chake, na fyuzi kuu iwe karibu na betri kadiri inavyowezekana. Redio ya VHF (redio ya kawaida ya baharini) ya wati 25 huvuta ampia 5 hadi 6 inapotuma sauti, kwa hiyo iwe na waya wake na isiungwe kwenye waya wa skrini. Skrini ikizimika kila injini inapowashwa, haina ubovu. Stata inaivuta betri chini. Tenga betri ya injini na betri ya matumizi, na tatizo litaondoka.

Fanya pia hesabu ya usiku. Skrini ampia 2, vipimo vingine nusu ampia, otopailoti wastani wa ampia 3: ni ampia 5.5, na kwa saa 12 ni ampia-saa 66. Betri ya asidi ya ampia-saa 100 haipendi kutumiwa zaidi ya nusu yake. Ndiyo maana naweka swichi ya kila kifaa peke yake, ili usiku wa bahari wazi nahodha aweze kuzima skrini kubwa na kubaki na kina na redio.

Hatua ya 5: Pitisha nyaya ndani ya nguzo

Fungua dira, inayoshikwa na skrubu chache tu, na umulike ndani ya nguzo kwa tochi. Utaona mnyororo umelala kwenye gia kama wa baiskeli, na chini yake nyaya za chuma zinazovuta usukani. Mwombe mtu azungushe gurudumu kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, nawe tazama kila kinachosogea kinafika wapi. Waya wa umeme ukinaswa na mnyororo huo, usukani utakwama, na kwa kawaida utakwama unapoukatia ghafla kukwepa kitu. Kwa hiyo nyaya za umeme zipite ndani ya bomba la kushikilia, si ndani ya nguzo. Kama nguzo ndiyo njia pekee, ziingize ndani ya mpira mgumu na uufunge ukutani mwa nguzo kila sentimita 15.

Bomba lina pindo, na waya hukwama hapo. Pitisha kwanza kamba nyembamba ya kuvulia yenye risasi ndogo nchani, kisha fungia waya mmoja mmoja, ukiipanga plagi moja nyuma ya nyingine badala ya kuzirundika. Paka sabuni ya maji, si mafuta. Unapovuta waya wa mwisho, vuta na kamba nyingine ibaki ndani. Mtu atakayekuja kuongeza kifaa baada ya miaka 5 atakuombea dua.

Pale bomba linapotobolewa, laini kingo za tundu kwa tupa na uvike mpira. Kabla waya haujaingia kwenye kifaa au kwenye ukuta, uache uning'inie kidogo kama bembea, ili maji yanayoufuata yadondoke pale chini. Viungio visikae ndani ya feuli ya nyuma kunakorushwa kamba zenye maji. Vipeleke kwenye sanduku kavu, tumia viungio vya kubana vyenye mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani, na uandike jina kwenye kila waya pande zote mbili.

Hatua ya 6: Kata tundu

Kwa ganda la plastiki au ukuta wa faiba, kazi ni ile ile. Tumia karatasi ya kielelezo iliyokuja na kifaa, na uipime kwa rula kwanza. Kielelezo kilichotolewa fotokopi au kuchapwa kutoka kwenye kompyuta huweza kupungua kwa milimita kadhaa. Bandika utepe wa rangi juu ya sehemu yote, chora juu ya utepe.

Toboa tundu dogo moja katikati. Chukua waya mgumu, upinde kama herufi L wenye mkono mrefu sawa na kina cha kifaa pamoja na plagi zake, uuingize na uuzungushe taratibu nyuma ya ukuta. Ukigonga kitu utausikia mkononi. Mara moja nilisikia bomba la gesi ya kupikia hivyo. Nilihama sentimita 20.

Kisha toboa pembe nne kwa msumeno wa mviringo wa kutobolea matundu, unaovaliwa kwenye drili, na uunganishe kwa msumeno wa jigi, polepole. Anza msumeno wa mviringo ukizunguka kinyume mpaka ukate ile ngozi laini ya juu, ndipo ugeuze, ngozi haitapasuka. Vaa barakoa, vumbi la faiba ni vioo. Matundu ya skrubu yapanuliwe kidogo kwa juu, maana skrubu inayobana moja kwa moja kwenye ngozi hiyo huacha ufa unaokua kila msimu.

Kama ukuta una mbao nyepesi ya balsa katikati ya tabaka mbili za faiba, tobo lililo wazi ni mlango wa maji, na mbao hiyo itaoza bila wewe kujua. Kwangua balsa kuzunguka tundu kwa milimita 5 hadi 10, jaza epoksi, acha ikauke, ndipo utoboe tena.

Hatua ya 7: Zuia maji, ila kwa akili

Silikoni ya bei ndogo yenye harufu ya siki isikaribie umeme. Harufu hiyo ni asidi, nayo hula shaba na vichwa vya plagi. Kwa skrini yenyewe tumia mpira wake uliokuja nao, usiongeze gundi. Siku ya kuitoa kwa matengenezo utaivunja ukijaribu kuikwangua. Kwa vishikio vya juu ya sitaha tumia utepe wa butili au gundi ya poliyurethani inayoachia. Kaza skrubu kwa mkono, si kwa drili.

Usiamini maandishi ya IPX7 kupita kiasi. Maana yake kifaa kimestahimili kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30, tena maji safi. Miaka ya chumvi na jua ni mtihani mwingine. Toboa tundu dogo la milimita 4 chini kabisa mwa ganda ili maji yatakayoingia yatoke. Chuma cha pua kinapogusana na alumini ya nguzo, weka grisi ya kuzuia kutu katikati, la sivyo ndani ya mwaka mmoja bolti haitafunguka. Na nunua kifuniko cha skrini. Jua la mchana linaiua skrini iliyozimwa kuliko safari zote.

Hatua ya 8: Macho ya chini ya maji

Kipimakina hutegemea transdusa, kifaa kinachotuma sauti majini na kusikiliza mwangwi wake, iliyo chini ya boti. Kwenye faiba nzito isiyo na tabaka la katikati, transdusa inaweza kukaa ndani, ikapiga sauti kupitia ukuta wa boti, na huhitaji kutoboa. Ijaribu kwanza: iweke ndani ya mfuko wa plastiki uliojaa maji, ukandamize sakafuni, usome. Ikisoma vizuri kwenye maji ya kina cha mita 20, gundisha bila kuacha mapovu. Kwenye mbao, au kwenye faiba yenye balsa, njia hii haifai kitu. Lazima itobolewe na ifungwe chini, mbele ya mkuku (uti wa chini wa boti) na mahali ambapo maji hupita bila povu. Kwa boti ya mbao transdusa iwe ya shaba nyeusi. Ya plastiki husagwa mbao zinapovimba kwa maji.

Tarakimu ile inapima kutoka wapi? Nahodha wengi hawajui, na huu ni mwanzo wa kukwama. Tuseme transdusa iko sentimita 40 chini ya uso wa maji, na mkuku unashuka mita 1.8. Kutoka kwenye transdusa hadi ncha ya mkuku ni mita 1.4. Transdusa ikipima mita 3.0, chini ya mkuku una mita 1.6 tu, na maji yote ni mita 3.4. Chagua moja, uiweke kwenye mipangilio, kisha ihakiki: simamisha boti juu ya mchanga tambarare, shusha bildi (kamba yenye risasi ya kupimia kina) ubavuni, pima kamba kwa utepe. Andika kwa kalamu isiyofutika karibu na skrini: "KINA = CHINI YA MKUKU" au "KINA = TOKA JUU YA MAJI". Huku kwetu maji ya bamvua (ya mwezi mpevu na mwandamo) hupanda na kushuka karibu mita 4, kwa hiyo kosa la mita 1.4 kwenye maji kupwa si dogo.

Mwambie pia mwenye boti kwamba nje ya mwamba, kati ya bara na Pemba, kina ni mamia ya mita na kipimakina kitapotea. Kitaonyesha vistari au kitaganda kwenye tarakimu ya zamani ikimetameta. Hakijaharibika.

Hatua ya 9: Unganisha

Vifaa vya sasa huzungumza kwa mtandao wa NMEA 2000. Kuna uti mmoja wa mgongo, na kila kifaa kinaungwa hapo kwa mkia usiozidi mita 6. Kila mwisho wa uti uwe na kizibo chenye ukinzani wa omu 120. Zima umeme, weka mita kati ya nyaya mbili za data, nyeupe na buluu: isome omu 60. Ikisoma 120, kizibo kimoja hakipo. Ikisoma 40, kuna kimoja cha ziada. Kipimo hiki cha dakika moja kimeniokolea siku nzima zaidi ya mara moja. Umeme uingie kwenye uti mahali pamoja tu.

Usiache redio bila GPS. VHF yenye kitufe chekundu hutuma wito wa dharura pamoja na mahali ulipo, lakini iwapo tu inapata mahali hapo na imeingizwa namba yake ya MMSI, inayoitambulisha boti. Namba hutolewa na mamlaka ya mawasiliano ya nchi ambako boti imeandikishwa. Za Kenya huanza na 634. Iandike mara mbili kwenye karatasi kabla ya kuiingiza, maana redio nyingi hazikuruhusu kuirekebisha.

Antena ya GPS, kama iko nje, iwekwe chini kwenye reli ya nyuma, isipandishwe mlingotini ambako kila wimbi huiyumbisha. Skrini yenye antena ndani hufanya kazi vizuri chini ya turubai au faiba, ila si chini ya bati.

Hatua ya 10: Majaribio

Kabla ya kuondoka gatini, zungusha usukani mwisho hadi mwisho mara kumi huku mkono wako uko juu ya nyaya. Mwagia vifaa maji kwa mpira kwa dakika tano, kisha fungua ganda utazame. Washa kila kitu pamoja na injini, sikiliza redio kama ina mlio.

Toka maji yanaposimama, yakiwa yamemaliza kujaa au kupwa, mahali pasipo mkondo. Kwa injini, nenda mwendo ulionyooka kwa pande nane, na kwa kila upande andika dira na njia ya GPS, baada ya kuhesabu tofauti ya kaskazini ya sumaku iliyoandikwa kwenye ramani. Pasipo mkondo wala upepo wa kukusukuma, kinachobaki ni kosa la dira. Orodha hiyo ipigwe laminesheni na ining'inizwe kabini. Usiifanye siku ya mkondo: nje hapa maji hukimbilia kaskazini, na wakati wa kusi hukimbia kwa nguvu, kwa hiyo njia ya GPS na mwelekeo wa omo (mbele ya boti) vitatofautiana hata dira ikiwa sahihi.

Kisha rudi usiku. Punguza mwanga wa skrini mpaka uone ufuo na nyota. Kama hata ukiishusha mwisho bado unapofushwa, huenda kuna taa nyingine ndogo za swichi zinazong'aa. Zibandike utepe mweusi.

Kuhusu ramani yenyewe, pita polepole kwenye mlango wako mchana, maji yakiwa yamepwa, na uhifadhi njia yako salama. Sehemu kadhaa za pwani hii zilipimwa zamani kwa bildi na pembe, kabla ya setilaiti, na mafungu ya mchanga huhama. Njia uliyoipita kwa macho yako, kwa chombo chako, ndiyo ya kufuatwa usiku.

Mashua ya mbao yenye kana

Hapa sitoboi kitu. Mashua na jahazi zina misumari ya chuma mamia, maji ya ngama, na mbao zinazofanya kazi muda wote. Natengeneza sanduku la plaiwudi ya baharini, upana kama wa sinia, lenye mfuniko wa kukinga jua. Ndani naweka GPS ndogo, betri ya volti 12 ya ampia-saa 7, fyuzi na swichi moja. Sanduku hukaa mbele ya miguu ya nahodha, limefungwa kwa mkanda kwenye taruma (mbao za ubavu wa chombo), mbali na dira kwa angalau mita moja. Dira ya mashua ihakikiwe ikiwa mahali pake, injini ikiwa inanguruma na ikiwa imezimwa, kwa sababu injini ya ndani ni donge kubwa la chuma.

Betri hiyo huendesha GPS ya ampia 0.3 usiku mzima na kubaki na nguvu. Chombo kikifika, nahodha hufungua mkanda, hubeba sanduku nyumbani na kulichaji. Bildi hubaki chini ya kiti, kamba yake ina fundo kila pima.